Acha Mgunga, Fuata Mpunga

Kijiji cha Engaresero kipo mahali ambapo jua halimbembelezi mtu. Kusini kuna Ol Doinyo Lengai, kaskazini Ziwa Natron, magharibi ukuta wa Bonde la Ufa. Mvua ni za kubahatisha, upepo unabeba vumbi lenye magadi, na ikifika saa saba mchana chumba cha matofali ya saruji kilichoezekwa bati bila dari hakikaliki. Mama humtoa mtoto na kwenda kukaa naye chini ya mti, na nyumba iliyojengwa kwa kuuza ng'ombe inabaki kuwa stoo mpaka jua lizame. Kwa hiyo watu wa huku wanapouliza habari za kujenga kwa mimea, jambo linalowakera kwanza ni joto la ndani. Habari za tabianchi huja baadaye. Nami naanza na hapo hapo, kwa kuwa dawa ya joto la chumbani na dawa ya moshi wa viwandani zinapatikana katika gunia moja.

Gunia hilo halitoki Engaresero. Linatoka kwenye mashine za kukoboa mpunga za Mto wa Mbu, na ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo hilo: nyumba ya mimea katika nchi kame ijengwe kwa mabaki ya mashamba ya nchi yenye maji, si kwa miti michache iliyobaki kwenye nchi kame yenyewe. Nalisema mapema kwa sababu kuna hatari. Mtu akisikia "jenga kwa vitu vya asili", anachukua panga na kuelekea kwenye mgunga ulio karibu. Mwenye kambi ya watalii anataka vibanda vyenye sura ya porini, anaagiza nguzo mia mbili, na vijana wanazileta kwa sababu pesa ni pesa. Korongo likibaki jeupe, sifa ya kutunza mazingira haina maana yoyote.

Tuangalie kwanza faida yenyewe. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Jiwe likiungua hutoa kaboni dayoksaidi, na makaa au gesi inayolichoma hutoa nyingine. Kwa jumla tani moja ya saruji huacha angani zaidi ya nusu tani ya hewa hiyo, na saruji ya dunia nzima hukadiriwa kuchangia asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za binadamu. Kisha ipakiwe. Viwanda vyetu vikubwa viko Wazo, Tanga, Mbeya na Mtwara, hakuna kilicho jirani na Natron. Mmea hufanya kinyume chake. Karibu nusu ya uzito wa mmea uliokauka ni kaboni ambayo mmea huo uliivuta kutoka hewani. Ukiuchoma shambani, kaboni inarudi angani jioni ile ile. Ukiufungia ndani ya dari au ukuta, inakaa humo kwa muda wote nyumba inaposimama.

Lakini si kila mmea unaistahili sifa hiyo. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, mmea huu utaota tena kabla kile nilichokijenga nao hakijachakaa? Nguzo ya mgunga yenye unene wa paja imechukua miaka mingi kukua katika ukame wa Natron, na ukiizika ardhini bila dawa mchwa wanaweza kuimaliza kabla mche mwingine haujafika kiunoni. Hapo umekopa usichoweza kulipa. Pwani ilijifunza somo hilo kwa mikoko. Kwa karne nyingi boriti za Lamu na za delta ya Rufiji zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, na hata vyumba vya miji mikongwe ya Waswahili vikawa vyembamba kwa kufuata urefu wa boriti hizo. Mkoko huota tena, hilo ni kweli, ila ulikatwa kwa kasi kuliko ulivyoweza kuota, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuusafirisha nje.

Kwa kipimo hicho, nyasi zimefaulu, maana huota kila mvua. Mkonge umefaulu: huanza kukatwa ukiwa na miaka mitatu hivi na huendelea kutoa majani miaka mingine kadhaa. Mwanzi umefaulu pia, kwa sababu fimbo hukomaa kwa miaka 3 hadi 5 na shina mama linabaki. Mabaki ya mazao yamefaulu kuliko vyote, kwani yangekuwepo hata kama hakuna anayejenga.

Sasa kuna swali la pili, ambalo mshauri anayetoka mjini hulisahau na mfugaji hawezi kulisahau: nani anakula hiki unachotaka kukiezeka? Ukame wa 2021 na 2022 uliua mifugo kwa maelfu kaskazini mwa Tanzania. Katika kipindi kama hicho robota la mabua ya ngano la kutoka Karatu, au mzigo wa nyasi ndefu zilizokatwa kando ya mto, ni uhai wa ng'ombe. Kulishindilia robota hilo ukutani wakati ndama wa jirani hasimami ni jambo ambalo sitamshauri mtu yeyote, hata kama vitabu vya ujenzi vinasifu kuta za majani makavu, ambazo wakulima wa Nebraska, Marekani, walizianza mwishoni mwa karne ya 19. Kule mabua yalizidi mahitaji. Huku hayazidi.

Ndiyo maana nimezipenda pumba za mpunga. Nazungumzia ganda gumu la nje. Ile pumba laini inayolishwa kuku na nguruwe ni kitu kingine. Ganda hilo lina silika nyingi, kwa hiyo ng'ombe hafaidiki nalo, mchwa hawalipendi, haliozi upesi, na moto hulila polepole. Kwenye mashine hulundikwa kama taka na mara nyingi huchomwa hapo hapo. Kati ya punje na punje kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto. Toka Mto wa Mbu hadi Engaresero, kupitia Selela na Engaruka, ni zaidi ya kilomita 100 za njia mbovu, lakini malori yanapita na mahindi, na pumba ni nyepesi kiasi kwamba magunia yake hupanda juu ya mzigo bila kumlalamisha dereva.

Zitumike wapi? Kwenye dari, chini ya bati. Hapa najua nitapingana na wanaopenda picha za vibanda vya nyasi. Katika kijiji hiki bati lisidharauliwe. Maji mengi ya ukanda huu wa volkano yana floraidi nyingi, ile inayowaharibu watoto meno na kupinda mifupa ya wazee. Maji ya mvua hayana floraidi hiyo, na bati ndilo linaloyakinga vizuri. Paa la nyasi hutoa maji ya rangi ya chai yenye takataka. Familia yenye bati, mfereji wa paa na tenki imepata kitu cha thamani, na mtu asiwashawishi kuling'oa kwa ajili ya uzuri wa macho. Bati libaki juu likusanye maji, na mmea uwekwe chini yake uzuie joto.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fundi akague kwanza maboriti ya dari, ayasogeze au ayaongeze ili umbali kati ya moja na jingine usizidi sentimita 60. Chini yake apige mkeka mgumu wa mianzi iliyopasuliwa au ya matete, na juu ya mkeka atandike magunia ya zamani yaliyofumuliwa ili pumba zisidondoke kwenye ugali. Pumba zipepetwe kabla hazijapanda, maana chenga na unga uliojificha humo ndio unaoita panya. Zichanganywe na chokaa kidogo au majivu makavu ya jikoni, kama akina mama wanavyofanya wanapohifadhi maharage. Zimwagwe kwa kina cha sentimita 10 hadi 15 na zisishindiliwe, kwa sababu ukizishindilia umeitoa ile hewa. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitameza mita za ujazo 1.2 hadi 1.8, yaani magunia 10 hadi 15 ya kawaida, na uzito wote utakuwa kati ya kilo 120 na 180. Mwisho upakwe udongo juu yake, unene wa kidole, uliokandwa na nyuzi za mkonge. Tabaka hilo huzuia vumbi na huzuia cheche, lakini udongo ni mzito na utaongeza uzito wa dari zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana nimetanguliza maboriti.

Kati ya dari na bati lazima ibaki nafasi, na kwenye pembetatu za kuta za mbele na nyuma yaachwe matundu makubwa yenye wavu wa chuma. Joto linalokusanyika chini ya bati lipate njia ya kutoka, na popo na panya wasipate njia ya kuingia. Mafundi wengi huziba matundu haya kwa kuogopa vumbi. Usikubali. Dari nzuri chini ya paa lililozibwa hufanya nusu ya kazi yake.

Twende kwenye kuta. Huku hakuna haja ya mtaalamu kutoka mbali, maana mtaalamu yupo kila boma, na ni yeyo, yaani mama. Kwa Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke tangu fito ya kwanza hadi konzi ya mwisho ya samadi, na ni yake. Wanaotafuta vifaa vipya vya ujenzi vyenye asili ya mimea mara nyingi huipita samadi bila kuitazama. Itazame kwa karibu. Ng'ombe amekata nyasi, akazisaga, akacheua akasaga tena, na kilichobaki ni nyuzi fupi zilizolainika ambazo hakuna mashine ya bei nafuu ingeweza kuzitoa. Yeyo huichukua ikiwa bado mbichi, akaichanganya na udongo mfinyanzi na majivu, akaikanda kwa mguu mpaka isinate tena kwenye kisigino, kisha akaibandika kwenye fito kwa kiganja, akianzia chini na kupandisha, kila konzi ikilalia ile iliyotangulia. Akimaliza hupitisha mkono wenye maji mara moja tu. Akizidisha maji, ule ukoko utabanduka. Nyuzi hizo ndizo zinazoushika udongo usipasuke unapokauka, na ukuta unabaki mwepesi.

Ushauri wangu kwa mwenye nyumba ya matofali ambaye anaona aibu kurudi kwenye samadi: upande unaopigwa na jua kali zaidi, upake tabaka nene la udongo na samadi juu ya tofali, sentimita 4 au 5, na uuwekee upenu. Huna haja ya kubomoa kitu. Kwanza jaribu michanganyiko kwenye vipande vidogo vya ukuta, kimoja samadi kidogo, kingine zaidi, kingine zaidi tena, uviache wiki moja vikauke. Kile ambacho hakikupasuka na hakitoki unga ukikisugua kwa kidole ndicho cha kufuata. Udongo wa kila korongo una tabia zake, na hesabu iliyoandikwa Dar es Salaam haitakufaa hapa bila majaribio. Ukitaka udongo wako upimwe kitaalamu, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi hufanya kazi hiyo, na halmashauri ya wilaya inaweza kukuelekeza namna ya kuwafikia.

Kuna adui mmoja wa Engaresero ambaye Karatu hawamjui: magadi. Udongo na maji ya karibu na ziwa vimejaa chumvi hiyo. Ukikandikia kwavyo, ukuta utapendeza mwezi mmoja, kisha maua meupe yatatokeza juu yake na plasta itaanza kumeguka vipande, kwa sababu chumvi ikikauka huunda fuwele ndani ya vinyweleo vya udongo na kuupasua. Saruji nayo huharibika hivyo hivyo. Kabla ya kuchota udongo, finyanga donge, liloweshe, liache juani siku mbili. Likitoa unga mweupe, tafuta sehemu nyingine, karibu na miguu ya ukuta wa bonde ambako mto unashuka ukiwa bado mtamu. Majivu ya Lengai nayo yaacheni. Kuna waliosikia kwamba Warumi wa kale walichanganya majivu ya volkano na chokaa wakapata zege ya kudumu. Ni kweli, ila majivu ya Lengai ni ya aina nyingine, yamejaa sodiamu, na hayafai kazi hiyo.

Na kuhusu kuchimba: katika tope lililotokana na majivu ya volkano karibu na kijiji zimehifadhiwa nyayo za binadamu zaidi ya 400, ambazo wanasayansi wamezikadiria kuwa na umri kati ya miaka 5,760 na 19,100. Shimo moja la udongo wa kukandikia likichimbwa pasipofaa linaweza kuufuta urithi ambao dunia nzima inauheshimu na ambao unawaletea wageni. Uliza uongozi wa kijiji kabla jembe halijagusa chini.

Mkonge nimeutaja mara mbili na unastahili maneno zaidi. Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893, Tanga ikatajirika nao, na leo umekuwa ua wa kawaida wa maboma hata sehemu kame. Nyuzi zake zikikatwa vipande vya urefu wa kidole na kuchanganywa na udongo hufanya kazi nzuri sana. Usizichanganye na saruji ukategemea zitakaa. Saruji ina ukali wa alikali ambao hula nyuzi za mimea taratibu, zikawa kama makapi, na vigae vya saruji na katani vilivyojaribiwa miaka ya nyuma vilionyesha udhaifu huo. Kwa kufungia fito, kamba ya mkonge inashinda waya na msumari, maana waya hushika kutu na msumari huipasua fito iliyokauka. Wamaasai wa Ngorongoro wametumia pia kamba za oldupai, ule mkonge wa mwitu uliolipa jina bonde maarufu la Oldupai, na mwenye ujuzi huo asiuache upotee.

Nguzo na kenchi zitoke wapi, kama mgunga tumeukataza? Zitoke Karatu. Kwenye mashamba ya kahawa na mipaka ya mashamba ya wakulima kuna migrevilea iliyopandwa kwa kivuli, na hupunguzwa mara kwa mara. Hukua haraka, hunyooka, na kuna wakulima wanaoiuza kama kuni kwa sababu hawajapata mnunuzi wa nguzo. Karatu pia ni nchi ya mbaazi. Baada ya mavuno mashamba hubaki na miti ya mbaazi mirefu yenye unene wa kidole gumba, ambayo mwisho wake ni jikoni. Mingi haifai kuwa nguzo, lakini kama fito za kati zitakazofunikwa na udongo pande zote, inatosha kabisa. Mwenye lori linalorudi Natron tupu kutoka Karatu na aipakie.

Mwanzi unahitaji subira. Mlima Oldeani ulio jirani ya Karatu una msitu wa mianzi mashuhuri kiasi kwamba wanabotania wameliita jenasi la mwanzi huo wa milimani Oldeania. Msitu huo uko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro na haukatwi. Anayetaka mwanzi apande wake kando ya mfereji, aungoje. Akivuna, avune fimbo zilizofikisha miaka mitatu na kuendelea, wakati wa kiangazi, maana fimbo changa na zenye maji zimejaa wanga ambao bungua huufuata. Kisha azitoboe vifundo vyote kwa nondo ndefu, azilaze kwenye dimbwi la maji yenye boraksi na asidi ya boriki, kilo 3 za ile na kilo 2 za hii kwa lita 50, kwa siku 7 hadi 10, akaushe kivulini. Dawa hiyo huyeyuka kwenye mvua, kwa hiyo ni ya vitu vilivyo chini ya paa. Mtoto na mnyama wasiyanywe maji hayo. Ninaomba sana watu waache kupaka nguzo oili chafu ya magari. Inanuka, inaingia ardhini, na mchwa huizunguka.

Kinga bora ya mchwa haiuzwi dukani. Mti usiguse ardhi. Mawe meusi ya volkano yamejaa kila upande wa Engaresero. Jenga msingi wa mawe unaoinuka sentimita 50 juu ya ardhi na usimamishe nguzo juu yake, ikishikwa na chuma au kamba. Hapo mchwa atalazimika kujenga njia yake ya udongo juu ya jiwe mchana kweupe, nawe utaiona na kuivunja kwa fimbo. Upenu utoke sentimita 70 au zaidi ili mvua ile ya fujo isiupige ukuta.

Na hapa niseme jambo kuhusu moshi. Siku hizi akina mama wengi wanapata majiko yenye bomba la kutolea moshi, na nafurahi kwa dhati, maana moshi wa ndani umewaumiza macho na mapafu wao na watoto wao kwa muda mrefu mno. Lakini moshi huo huo ulikuwa ukizikausha fito na kuwafukuza wadudu usiku na mchana. Ukiutoa, umeiondoa dawa ya nyumba. Nyumba yenye jiko la bomba lazima fito na boriti zake zilowekwe dawa kabla ya kujengwa, na mara moja kwa mwaka mtu apande darini na tochi. Wanaogawa majiko wawaambie akina mama hili siku ile ile ya kugawa.

Moto ni suala la kutiliwa maanani katika upepo wa huku. Watu wa pwani wanajua paa la makuti likishika moto hakuna anayelizima, linakimbilia paa la jirani. Mwenye kambi anayeezeka nyasi aachanishe vibanda kwa mita nyingi, jiko liwe peke yake chini ya bati, na nyaya za sola zipite ndani ya mabomba, kamwe zisilazwe juu ya nyasi au pumba. Paa la nyasi liwe na mwinuko wa nyuzi 45 au zaidi. Pungufu ya hapo maji hukaa na nyasi huoza. Mwinuko huo utasaidia pia majivu yateremke siku Lengai akikasirika kama alivyofanya mwaka 2007.

Kabla ya kukata mti wowote wa asili, hata ulio ndani ya eneo la kijiji, pitia ofisi ya kijiji na afisa misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali, na sheria ndogo za vijiji mara nyingi ni kali zaidi. Walio ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro wana masharti yao mengine ya ujenzi na wanapaswa kuuliza mamlaka kabla ya kuchimba hata msingi. Kununua nguzo za kupandwa za Karatu zenye risiti kunakuepusha na usumbufu huo wote.

Tuje kwenye kalenda. Mpunga wa masika huvunwa Mto wa Mbu kuanzia karibu Mei na mashine zikashughulika hadi Julai. Agiza pumba wakati huo, zikiwa nyingi na mwenye mashine anatafuta wa kumwondolea. Fito za mbaazi zifuate baada ya mavuno ya Karatu. Dari ijazwe na kuta zikandikwe kati ya Agosti na Oktoba, wakati ukuta unakauka kwa siku chache na barabara ya Engaruka inapitika, ili vuli ikianza Novemba kazi iwe imekwisha. Anza na chumba kimoja, kile wanacholala watoto, kabla ya kutumia pesa kwenye nyumba nzima. Tundika vipimajoto viwili, kimoja humo na kingine kwenye chumba kisicho na dari, uandike saa saba mchana kwa wiki mbili. Namba hizo zitamshawishi mume, mwenye kambi au mfadhili kuliko hotuba yoyote.

Neno la mwisho ni kwa wenye kambi na mashirika yanayojenga huku. Mnapowaita akina mama kukandika kuta, waandikieni mkataba wa fundi, kwa malipo ya fundi. Wanachofanya ni ufundi, na mwaka ambao hawatakuja mtaziona kuta zenu zikibomoka. Mkataba utaje tabaka la kwanza, tabaka la pili baada ya nyufa kujionyesha, ukarabati wa kila mwaka masika yakiisha, na nani analeta maji. Hilo la maji liandikwe kwanza, maana kukandika chumba kimoja hula madumu mengi, na katika kijiji hiki asipotajwa mtu, ni akina mama hao hao watakaoyabeba kichwani.